Watu wa spa na masaji: mikono, shingo na mgongo mnavitunzaje? Dole gumba limenigomea

#1 GumbaLimegoma

Wakuu, habari za humu.

Niko kwenye kazi ya spa mwaka wa 7 huu. Masaji ndiyo kazi yangu kubwa, ila wateja wakizidi naingia pia kwenye kusugua miguu na kusafisha uso. Mpaka mwaka jana nilikuwa najisifu nina mikono ya chuma. Mteja yeyote anayetaka kukandwa kwa nguvu alikuwa analetwa kwangu, na mimi kichwa kinavimba.

Sasa hivi nikiamka asubuhi siwezi kufungua kizibo cha chupa ya maji. Maumivu yako pembeni ya kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Nikizungusha ufunguo mlangoni ni kama nimechomwa sindano ya moto. Juzi nimeangusha bakuli la mafuta katikati ya kazi, mteja wa watu kalala kifudifudi akaruka akidhani kitanda kimevunjika. Nikacheka naye. Nilipotoka nje nikalia.

Nilivyojaribu: dawa za kuchua (ndiyo, mkandaji anajichua mwenyewe), bandeji, na vidonge vya maumivu kabla ya zamu. Kidonge kikiisha nguvu, maumivu yanarudi na riba.

Waliokaa miaka mingi kwenye hii kazi, mnafanyaje? Panatengenezeka au ndiyo nianze kutafuta kazi nyingine? Bosi nimemwambia, jibu lake ni kwamba wanaotaka nafasi yangu wamejaa nje.

#2 MtejaTu

Nimevuta kiti. Mimi ni mteja tu, sikujua kama na nyie mnaumia. Nilikuwa nasema "ongeza nguvu" kama naongeza sauti ya redio. Mnisamehe.

#3 MamaMafuta

Pole sana mdogo wangu. Nina miaka 19 kwenye kazi hii, na gumba langu la kulia niliwahi kulipumzisha miezi 4 mizima, kwa hiyo ninachokwambia nimekilipia.

La kwanza, gumba si chombo cha kukandia. Najua shuleni tulifundishwa kulitumia, na wateja wanalipenda kwa sababu linaingia kwenye fundo moja kwa moja. Lakini sikiliza hii: ukibana kitu kati ya gumba na kidole kwa nguvu ya kilo 1, kile kiungo cha chini kabisa cha gumba, karibu na kifundo, kinabeba kama kilo 12. Sasa piga hesabu ya wateja wako wa "niponde kabisa".

Mimi siku hizi gumba nalitumia kutafuta tu. Linatembea juu ya misuli taratibu, likikuta fundo linaondoka, anaingia mwingine: kigasha (hapa kati ya kiwiko na kifundo), ngumi iliyolegea, au kiwiko. Pakiwa padogo mno na lazima nitumie gumba, naliweka limenyooka na mkono wa pili unakaa juu yake kusukuma. Gumba la chini halifanyi kazi yoyote, limelala tu. Ukiona linapinda kwenda nyuma kama upinde, acha hapo hapo.

Kifundo nacho kiwe kimenyooka. Wengi tunasukuma kwa kiganja huku kifundo kimekunjwa nyuma kabisa, mkono umekaa kama wa askari anayesimamisha gari. Hapo uzito wote unaishia kwenye kifundo. Bega, kiwiko, kifundo, vipangwe mstari mmoja, kiwiko kisifungwe kabisa, kiwe kimelegea kidogo.

La pili, kitanda chako kina kimo gani? Nina uhakika kiko juu. Simama kando yake, achia mkono uning'inie, kunja ngumi. Vifundo vya vidole viguse juu ya godoro kwa shida. Hicho ndicho kimo cha kuanzia. Mteja anayetaka nguvu, shusha tena. Mteja mnene, shusha, maana anakuja na kimo chake juu ya kimo cha kitanda. Anayelala ubavu, shusha zaidi. Kitanda kikiwa juu, bega linapanda mpaka sikioni na unasukuma kwa misuli ya mkono, kwa sababu uzito wa mwili hauna pa kushukia.

Anayesukuma ni mguu wa nyuma. Weka mguu mmoja mbele mmoja nyuma, magoti yalegee, kitovu kiangalie unakoelekea, halafu jiachie uelekee kwa mteja, kama unavyosukuma gari lililozima. Kuna mtu aliwahi kusukuma gari kwa dole gumba?

Nitarudi, nina mteja saa 4.

#4 NguvuMpya

Mnadekeza sana. Tatizo la wengi ni mazoezi hakuna. Mimi napiga pushapu 60 kila asubuhi, nabeba vyuma, na sijawahi kuumwa hata kucha. Mwili legelege kazi ya mikono utaiweza wapi?

#5 KuchaNaRangi

Mkuu #4, una muda gani kwenye kazi?

#6 NguvuMpya

Miezi 8. Kwani?

#7 KuchaNaRangi

Hamna, nilikuwa nauliza tu.

#8 FundiViungo

Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, hospitalini nawapokea sana watu wa saluni na spa. Nianze na mleta mada.

Kwa maelezo yako, hiyo inafanana sana na tatizo la de Quervain. Limepewa jina la daktari mpasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliyelieleza mwaka 1895. Kuna kano 2 (kamba zinazounganisha misuli na mfupa) zinazovuta gumba, zinapita kwenye kichochoro chembamba pembeni ya kifundo, pale pale unapopataja. Zikitumiwa kupita kiasi, ala inayozifunika inanenepa, njia inabana, kano zinapita kwa kusuguana. Mama wenye watoto wachanga nao wanalipata sana, kwa kumnyanyua mtoto huku magumba yamepanuliwa.

Jipime hivi: ingiza gumba ndani ya ngumi, halafu inamisha kifundo taratibu kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Fanya mkono usiouma kwanza, maana hata mwenye afya anahisi kuvutwa kidogo. Kama wa pili unakurusha kwenye kiti, ndiyo hiyo. Usirudie rudie kujipima kila saa, unakichokonoa.

Sasa bandeji yako. Nabashiri umefunga kifundo, gumba ukaliacha huru. Hapo umefunga nyumba ukaacha mlango wazi. Kinachotakiwa ni kinga ngumu inayoshika kifundo PAMOJA na gumba, uivae usiku na muda usio kazini, kwa wiki kadhaa. Na hiyo dawa ya kuchua, unaipaka kwa kukandamiza pale pale panapouma? Acha. Kano iliyochokozwa haitaki kusuguliwa.

Barafu: ifunge kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15, baada ya kazi pakiwa pamevimba au pana joto. Kitambaa cha maji ya moto ni cha ukakamavu wa asubuhi na misuli iliyokaza ya kigasha na mabega. Wengi mnageuza, mnachoma moto palipovimba.

Vidonge: ibuprofen na diclofenac vinatuliza kweli, lakini kuvimeza kabla ya zamu kila siku ni sawa na kuzima king'ora huku moto unaendelea. Juu ya hapo vinaweza kutoboa tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo. Havikuwekwa kwa ajili ya kwenda kazini miezi na miezi bila daktari kujua.

Kinga na mapumziko visipotosha, kuna sindano ya steroidi (dawa ya kushusha uvimbe) pale kwenye ala, wengi inawasaidia. Ikishindikana kabisa kuna upasuaji mdogo wa kufungua kile kichochoro. Kwa hiyo panatengenezeka, ila si kwa kuendelea kufanya kilichopaharibu.

Ndugu #4, mazoezi ni mazuri, na mgongo na nyonga zenye nguvu zitakusaidia sana kwenye kitanda. Lakini pushapu hainenepeshi kiungo cha gumba. Misuli ina nguvu, kiungo kiko vile vile, na wenye nguvu ndio wanaokisukuma zaidi. Tukutane mwaka wa 7.

#9 KimyaKimya

Daktari samahani nidandie uzi. Mimi si gumba. Usiku naamshwa na ganzi, vidole vinachoma kama vimelaliwa na sisimizi. Nikikung'uta mkono inapungua. Nafanya kope na kusafisha uso.

#10 FundiViungo

Sio daktari, dada, mimi wa mazoezi tu. Niambie ganzi iko vidole vipi. Kidole cha mwisho kimo?

#11 KimyaKimya

Hapana, cha mwisho kizima kabisa. Ni gumba, cha shahada, cha kati, na cha pete kama nusu.

#12 FundiViungo

Asante, umejibu vizuri kuliko wengi. Hiyo ni ramani ya neva ya kati. Inapita kwenye handaki la kifundo ikiwa imebanana na kano 9 za kukunja vidole. Kano zikivimba, neva haina pa kukimbilia. Usiku inazidi kwa sababu tunalala tumekunja vifundo, wengine mkono chini ya mto.

Vaa kinga usiku inayoweka kifundo kimenyooka, hapa gumba linaweza kubaki huru. Jipe kama wiki 6. Kope zinakuumiza kwa sababu unabana kibano saa nzima huku kifundo kimepinda. Tafuta kibano laini kisichohitaji nguvu, weka kigasha juu ya mto mdogo kando ya kichwa cha mteja, na kila ukimaliza jicho moja weka kibano chini ufungue vidole vyote.

Ila usikae nayo. Ujauzito, kisukari na tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango vinaleta hali hiyo hiyo, ni vizuri kupimwa. Na ukiona ile nyama nene ya chini ya gumba imeanza kubonyea au unaangusha vitu, nenda haraka, neva ikibanwa muda mrefu inaweza isirudi yote.

Kwa wengine wanaosoma: ganzi ikiwa kidole cha mwisho na nusu ya cha pete, hilo ni jambo jingine, linatoka kwenye kiwiko, pale ukijigonga unashtuka kama umeme. Wanaokandia kwa ncha ya kiwiko wanalipata, na wanaoongea na simu saa nzima mkono umekunjwa. Ukitumia kiwiko, egemea mfupa ulio chini kidogo ya ncha, usiegemee ncha yenyewe.

#13 KuchaNaRangi

Nyie wa masaji mnasimama, mna nafuu yenu. Njooni kwetu wa kucha na miguu. Mteja yuko juu kwenye kiti cha kifalme, mimi niko kwenye kigoda kifupi, magoti karibu na kidevu, shingo imeinama dakika 50. Kichwa cha mtu kina kama kilo 5. Ukikiinamisha mbele, misuli ya nyuma ya shingo inakishikilia kama mtu aliyebeba ndoo kwa mkono ulionyooshwa.

Nilichobadilisha ni kimoja tu: mguu wa mteja unakuja kwangu, mimi siufuati. Nimepandisha kigoda, nikaweka kibao chenye mto kwenye mapaja yangu, mguu unakaa hapo. Mwanzoni wateja walishangaa, sasa wanasema ndiyo raha zaidi. Taa nayo naivuta kwangu. Wengi tunaifuata taa kwa pua, na wa uso wenye ile taa ya kioo cha kukuza ndio kabisa, mtu kajikunja juu ya kioo wakati mkono wa taa unajivuta.

Mashine ya kusugulia kucha tusiisahau, ule mtetemo unalewesha vidole. Niligundua nilikuwa naishika kama nanyonga nyoka. Ishike kama kalamu ya mtoto, na kile kichwa chake cha kusugulia kikiwa butu kibadilishe, maana butu ndicho kinachokufanya ukandamize. Kwa macho: kila dakika 20 naangalia kitu kilicho mbali kama mita 6, kwa sekunde 20. Mteja anadhani nawaza.

#14 MamaMafuta

Nimerudi. FundiViungo asante, umenifundisha na mimi, ile ya kufunga gumba pamoja na kifundo nilikuja kuijua kwa shida.

Naongezea kitu ambacho hatupendi kukisema: ratiba. Unaweza kuwa na mikao yote mizuri, ukipangiwa masaji nzito 4 mfululizo bila dakika ya kupumua utaumia tu. Na hapa sisi wenyewe tuna lawama, kwa sababu ya kamisheni. Nimewahi kufanya watu 9 kwa siku moja kwa kupenda kwangu. Jioni nilishindwa kukaza kifungo cha nguo.

Sasa mimi ni watu 5 wa saa nzima, basi. Kati yao dakika 15, na hizo dakika si za kushika simu, maana kusukuma kioo juu chini ni gumba lile lile linalofanya kazi. Pia nachanganya: baada ya masaji nzito namchukua wa kusafisha uso au wa mafuta mepesi, kwa hiyo nimekaa. Nikiwa na wa uso napandisha kitanda, viwiko vikae pembeni mwa mbavu, mgongo uegemee kiti. Mtu wa mapokezi ndiye anayekuua au kukuokoa. Mzoee, mweleze, mletee hata zawadi.

Mdogo wangu, bosi wako usimwendee na maumivu. Mwendee na hesabu: mkandaji mzoefu akikaa nje miezi 4, wateja wake wanaondoka naye. Wangu hakunisikia niliposema naumwa, alinisikia niliposema wateja wangu 3 wa kila wiki wameuliza niko wapi.

Na nyumbani je? Nani anafua na kukamua nguo? Ule mzunguko wa kukamua ndio hasa unaochokoza hiyo kano.

#15 NguvuMpya

Haya, nimejaribu ile ya kushusha kitanda na kusukuma kwa mguu wa nyuma. Sitasema mengi. Mteja kaniambia leo nguvu yangu "imetulia".

#16 KuchaNaRangi

😂 Karibu kwenye legelege.

#17 MtejaTu

Swali la mteja: nikitaka nguvu zaidi niseme vipi bila kuwaumiza?

#18 MamaMafuta

Sema "taratibu zaidi" badala ya "kwa nguvu zaidi". Mkono ukienda polepole misuli inafunguka yenyewe na nguvu inaingia ndani bila kusukumwa. Ukinikimbiza, mwili wako unajikaza, mimi nakandamiza, tunapigana tu pale kitandani. Na kama mkandaji wako anakwambia hapa panatosha, panatosha.

#19 FundiViungo

Nimeulizwa pembeni kuhusu mazoezi, nayaweka hapa. Kutwa nzima mikono yenu inafumba na kubana, misuli ya kufungua inasahaulika. Chukua mpira wa kufungia hela, vishe vidole vyote 5 karibu na ncha, fungua mkono taratibu, rudisha taratibu, mara 15. Wenye maumivu nje ya kiwiko (kinaitwa kiwiko cha tenisi, ingawa wengi wanaonijia hawajawahi kushika raketi) washike chupa ndogo ya maji, kiganja kikiangalia chini, kigasha juu ya meza. Inua kwa msaada wa mkono wa pili, kisha ishushe kwa mkono unaouma peke yake, polepole. Ile safari ya kushuka ndiyo dawa.

Kabla ya mteja wa kwanza, dakika 3 za kuzungusha mabega na kufungua na kufumba mikono zinatosha. Miguu: msisimame mmeganda, wekeni kijibao mguu mmoja upumzike juu, mbadilishane. Mleta mada, wewe ya mpira ngoja kwanza mpaka gumba litulie.

#20 GumbaLimegoma

Wakuu, nimerudi baada ya wiki 7. Niliona aibu kurudi mapema bila la kusema.

Hospitali walithibitisha ni hiyo hiyo ya de Quervain. Nimepewa kinga yenye gumba, nikaambiwa kazi nyepesi wiki 4. Bosi nilimwendea na hesabu kama MamaMafuta alivyosema. Hakufurahi, lakini aliniweka kwenye kusafisha uso na mapokezi, na nikiwa mapokezi nikaona kwa macho yangu jinsi tunavyopangana hovyo. Ratiba nimeanza kuipanga mimi. Dakika 15 zimo. Mpaka sasa hajaziona au anajifanya.

Wiki ya 5 nikarudi kitandani, watu 2 kwa siku, kigasha tu. Yule mteja wangu wa "niponde" nilimwogopa, nikajua atakimbia. Alilala usingizi. Alipoamka akauliza nimeenda kusoma wapi.

Maumivu bado yapo asubuhi, lakini kizibo cha chupa nafungua. Ufunguo bado naugeuza kwa mkono wa kushoto.

#21 MamaMafuta

Alhamdulillahi. Kitanda je?

#22 GumbaLimegoma

Nimeshusha tundu 2. Mwenzangu wa zamu ni mrefu, tulikuwa tunagombana kila siku, sasa tumebandika utepe kwenye miguu ya kitanda, wake mwekundu wangu wa bluu.

#23 FundiViungo

Na kinga usiku unavaa kweli au mpaka nikuulize?

#24 GumbaLimegoma

Nimeivaa hapa ninapoandika, ndiyo maana ujumbe huu umenichukua nusu saa.